Simu mpya imekuja na picha elfu nne, daftari la madeni limebaki njiani

#1 DagaaMajanji (Busia, Uganda)

Jamani habari za jioni. Naandika kwa simu mpya, kwa hiyo mkiona neno la ajabu mjue si mimi, ni kibodi. Jana nilimwandikia mteja wangu wa Kisenyi "samaki gunia mbili zimetoka leo", ikaenda "samurai gunia mbili zimetoka leo". Akanijibu, "Wapokonye panga kabla hujawapakia."

Tucheke kwanza, maana kinachofuata hakichekeshi.

Simu yangu ya zamani nimekaa nayo miaka mitano. Pembe ya chini ya kioo ilikuwa na doa jeusi kama wino umemwagika, na mstari mzima wa chini haukushika kidole. Maana yake sikuweza kuacha nafasi kati ya maneno. Wateja walishazoea: "gunia3zimepakiwaleonapokeasaakumi". Betri nayo inasoma asilimia arobaini, ukipokea simu inazima. Mwezi uliopita nikasema basi, nikapanda taksi hadi Kampala, nikaingia maduka ya Luwum Street na laki tano na elfu themanini kwenye sidiria.

Kijana wa duka akaniambia kuhamisha ni elfu ishirini. Akanipa stuli na soda. Akaunganisha simu mbili, nikaona namba zinapita, dakika arobaini hivi, akasema, "Mama, kila kitu kimekuja." Nikafungua picha, nikaziona zote. Majina ya watu yapo, WhatsApp ipo, hata zile sauti za shangazi yangu za dakika tisa zipo. Nikamshukuru, nikaondoka natembea kama mheshimiwa.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kujifunza upya. Vile vibonyezo vitatu vya chini havipo, unatakiwa kutelezesha kidole, na mimi nikitelezesha namkatia mtu simu. Mlio ukilia kila mtu kwenye stendi anapapasa mfuko wake isipokuwa mimi. Halafu hii ya kufungua kwa alama ya kidole: asubuhi inanitambua vizuri. Nikishashika dagaa saa mbili, mikono imejaa chumvi na magamba, inanikataa kama askari wa mpakani. Nikinawa na limau, inanikubali tena.

Hayo yote nilivumilia. Simu ya zamani nikampa mpwa wangu anayeendesha boda Tororo. Akafurahi, akaifuta yote aanze upya.

Jumanne iliyopita mteja wa Mbale ananipigia: "Mama, mimi na wewe tumebakiza ngapi?" Nikafungua daftari la kwenye simu, lile la kuandikia vitu, ambalo ndimo nilikuwa naandika nani kachukua gunia ngapi na kalipa ngapi. Ukurasa mweupe. Limeandika kwa heshima kabisa, "Hakuna madokezo." Miaka miwili ya madeni! Wateja thelathini na nne!

Nina picha elfu nne na mia moja, nyingi ni maua yaliyoandikwa "asubuhi njema" kutoka kundi la kanisa. Hayo yamefika salama. Daftari halikufika.

Swali: kuna namna yoyote ya kulirudisha?

#2 Kadogo256

Mama, wadeni wako wote wapo humu wanasoma kimya kimya na kuomba jibu liwe "hapana" 😂

#3 FundiWaLuwum (Kampala)

Shangazi pole sana. Nina meza ndogo Luwum, na kabla hujauliza, si mimi niliyekuhudumia.

Nitakwambia ukweli usije ukaliwa hela. Programu za kuhamisha zinabeba majina, picha, video, meseji, na baadhi ya programu. Daftari la kuandikia ni jambo jingine. Kila kampuni ya simu ina daftari lake, na kila programu inaweka vitu vyake kwenye chumba chake ambacho wengine hawaruhusiwi kuingia. Ukihama kutoka simu ya kampuni moja kwenda nyingine, daftari la kule halina pacha huku. Kijana aliona ile alama ya mia kwa mia akaamini. Kosa lake ni kutokukuuliza swali moja tu: "Mama, kazi yako unaiandika wapi?" Mimi huwa nauliza. Ukimuuliza mtu "unataka nihamishe nini" anasema picha na WhatsApp. Ukimuuliza anavyofanya kazi, ndipo anakumbuka daftari, sauti alizorekodi, programu ya benki.

Sasa kuhusu kurudisha. Simu zote zilizotoka kiwandani na Android 10, ile ya 2019, kwenda mbele, vitu vyako vimefungwa kwa ufunguo ndani ya simu. Mpwa wako alipoifuta, ufunguo uliharibiwa. Kilichobaki mle ni kelele tupu. Atakayekwambia, "Lete laki mbili nina mashine," mashine yake ni mdomo.

Tumaini ni moja. Je, kwenye simu ya zamani ulikuwa umeingia akaunti ya Google au ya kampuni ya simu, na daftari lilikuwa linajihifadhi huko?

#4 DagaaMajanji

Akaunti ilikuwepo, lakini aliyeifungua ni kijana aliyeniuzia simu ile 2020. Alitunga yeye jina na namba ya siri. Mimi sijawahi kuijua.

Na sasa umenikumbusha: mpwa wangu amepiga leo anasema simu inamdai barua pepe ya mwenye simu na haiendelei mbele.

#5 FundiWaLuwum

Nilijua tu. Hii naiona kila siku. Nusu ya watu wanaokuja mezani kwangu wana akaunti iliyofunguliwa na muuza simu ambaye siku hizi yuko Dubai.

Mpwa aliifuta kwa vibonyezo vya pembeni, sivyo? Ukifuta hivyo bila kutoa akaunti kwanza, Android inadhani simu imeibwa, inamdai akaunti iliyokuwemo. Ulinzi huo upo tangu Android 5.1 ya 2015. Angefutia ndani ya mipangilio, akiwa anajua namba ya kufungulia, isingemsumbua.

Fanya hivi: kwenye simu mpya nenda kurejesha akaunti ya Google, andika namba yako ya simu. Kama yule kijana aliweka namba yako wakati wa kufungua, utaletewa msimbo, utabadilisha namba ya siri. Mpwa ataingia, na wewe utaona kama kuna kitu kilihifadhiwa. Usitarajie makubwa.

#6 NubiWaBombo

Mwanangu DagaaMajanji, pole. Mimi yangu haikuwa ya madeni, ilikuwa ya giza.

Mwaka jana wanangu walininunulia simu. Mjukuu akahamisha laini, akaondoka na simu ya zamani kwenda nayo chuo. Mchana ule nilikuwa nimenunua Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ya elfu hamsini, namba ishirini zimekuja kwa meseji, nikasema nitaziingiza jioni. Jioni umeme unakata, natafuta meseji kwenye simu mpya: haina hata moja. Nampigia mjukuu, yuko ndani ya basi amelala. Tukakaa na mshumaa hadi saa nne usiku alipoamka akanisomea namba moja moja, tisa naisikia kama tatu, nikakosea mara mbili.

Jambo la pili ni WhatsApp. Iliniletea msimbo wa tarakimu sita, nikauweka, nikasema nimemaliza. Ikadai nyingine ya tarakimu sita ambayo ati niliiweka mimi mwenyewe. Lini? Sikumbuki. Na sikuwa nimeweka barua pepe. Ikaniambia nisubiri siku saba. Siku saba kundi la ukoo linapanga harusi na mimi ndiye shangazi wa bibi harusi! Waliamua rangi ya gomesi bila mimi. Wamechagua ile ya njano iliyoiva. Picha mmeziona wenyewe.

#7 Afande_Mstaafu (Jinja)

Salaam. Mimi nimebadilisha simu wiki mbili zilizopita. Facebook haifunguki kabisa, inazunguka tu. Nimerudisha simu dukani nikagomba, wakanibadilishia nyingine, nayo hivyo hivyo. Fundi, hizi simu ni feki?

#8 Kadogo256

Afande 😂😂😂 VPN

#9 FundiWaLuwum

Afande, simu zote mbili ni nzima. Facebook hapa kwetu imefungwa tangu Januari 2021, wakati wa uchaguzi. Simu yako ya zamani ilikuwa na VPN, programu inayokupitisha mtandaoni kama vile uko nchi nyingine, labda uliwekewa siku nyingi ukasahau kwamba ipo. Mpya haina. Muombe yule muuza simu msamaha.

Ukiiweka, izime ukimaliza. Zile za bure zinakula betri na bando. Programu ya benki nayo ikiona ghafla uko Uholanzi inaweza kugoma.

Na kwa sababu umetaja feki: njia yangu ni kupiga *#06# na kuona kama namba zile tarakimu kumi na tano zinafanana na za kwenye boksi. Halafu najaza video. Simu feki itakuandikia ina nafasi ya GB 256, ukiingiza video za GB 30 zinaanza kuharibika, kwa sababu uwezo wake wa kweli ni huo.

#10 Afande_Mstaafu

Nimeelewa. Nitampelekea soda.

#11 Mwalimu_Mbale

Dada DagaaMajanji, kuhusu samurai: kibodi yako inadhani unaandika Kiingereza. Ingia mipangilio ya kibodi, sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili. Itaacha kukusahihisha. Hata simu nzima inaweza kuwa ya Kiswahili. Mimi yangu ni hivyo. Lugha hii ni rasmi nchini tangu katiba iliporekebishwa 2005, lakini ukimpa fundi wa mjini simu yenye "Mipangilio" anakutazama kama umempa Kichina.

#12 FundiWaLuwum

Mwalimu usinitaje kwa mafumbo 😅 Siku ya kwanza kukutana na "Upau wa kusogeza" nilidhani ni ugonjwa. Lakini shangazi, hapo ndipo pa kurudishia vile vibonyezo vyako vitatu. Mipangilio, onyesho, kisha huo upau. Chagua vibonyezo, acha kutelezesha.

#13 JiraniWaMalaba

Mimi niko upande wa pili wa mpaka lakini dada yangu anafanya biashara Uganda. Wateja wanakulipaje, taslimu au kwa simu? Kama ni kwa simu, hela zilizoingia hazikuwa ndani ya simu yako wala ndani ya laini, ziko kwa kampuni ya mtandao. Omba taarifa ya miamala ya miezi unayoitaka. Utajua nani alilipa ngapi na lini. Upande wa malipo umepona. Umebaki upande wa mzigo, nani alichukua ngapi.

#14 DagaaMajanji

Mungu akubariki jirani. Wengi wanatuma kwa simu, ni watano tu wa taslimu na hao wako karibu.

Akaunti nimeifungua, namba yangu ilikuwepo. Mpwa yuko barabarani na simu yake. Daftari hamna. Nimekuta majina arobaini na moja ya mwaka 2020 na picha moja ya kijana aliyeniuzia simu, anajipiga kwenye kioo cha duka.

Sasa upande wa mzigo. Nimeanza kuwapigia wateja kuwauliza. Wote wana heshima. "Mama, mimi nadhani ni mbili." "Mama, kama si moja na nusu." Hakuna gunia la nusu katika biashara yangu! Deni likiulizwa kwa simu linakonda.

#15 Kinyozi_Arua

Mimi nitaongeza kuhusu laini kwa faida ya wengine. Laini yangu ilikuwa ya zamani, ile kubwa. Jirani akaikata kwa mkasi, ikaingia, ikakaa wiki moja. Kutoka ikagoma. Kijisahani kile cha laini kimeng'oa meno ya ndani ya simu. Simu mpya ya mwezi mmoja!

#16 FundiWaLuwum

Kwa sababu kadi hizi hazitofautiani upana peke yake. Ile ya kati ni milimita 15 kwa 12, ile ndogo ya sasa ni 12.3 kwa 8.8. Watu wanaona hapo tu, wanakata. Lakini unene nao ni tofauti: za zamani ni 0.76, ndogo ni 0.67. Ukikata upana bila kusugua mgongo, umeingiza kabari. Nenda kituo cha mtandao wako na kitambulisho cha taifa wakupe kadi mpya, namba inabaki ile ile, na hela zako za kwenye simu zinabaki pale pale.

Shangazi, nimekuwa nafikiria jambo lako. Ulisema picha elfu nne. Maua ni mengi, lakini si yote ni maua. Nyingine ni za nini?

#17 Kadogo256

Samurai

#18 DagaaMajanji

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya swali la fundi. Kaeni vizuri.

Mwaka juzi kondakta wa lori alinipotezea gunia mbili, akaapa hakupewa. Tangu siku hiyo, kabla mzigo haujapanda gari napanga magunia ukutani, kila gunia limeandikwa kwa kalamu nzito jina la mteja na namba, napiga picha. MAMA MAPACHA 1, MAMA MAPACHA 2, MZEE KUKU 1. Mzee Kuku ananunua ya kulishia kuku ndiyo maana. Nilikuwa napiga kwa ajili ya kondakta, sikuwahi kufikiria madeni. Picha zenyewe nilikuwa hata sizitazami, zinafunikwa na asubuhi njema.

Usiku wa Alhamisi nimekaa na binti yangu. Yeye anatelezesha picha, mimi nasoma ukuta, anaandika kwenye daftari la shule. Ukigusa picha kwa chini inakuonyesha tarehe na saa. Tumeanza saa mbili, tumelala saa nane. Ijumaa tena. Kuna mahali mbuzi amesimama mbele ya gunia, tukabishana kama nyuma yake ni 3 au 8. Kuna siku mvua ilinyesha kalamu ikachuruzika. Kwa hiyo si zote.

Halafu ile taarifa ya miamala tukaiweka pembeni, tukawa tunatoa.

Katika wateja thelathini na nne, ishirini na nane wamekaa sawa mpaka gunia la mwisho. Wawili yule mbuzi kawaharibu. Wanne tumetofautiana, watatu kati yao wakikumbuka pungufu, na mmoja, bibi wa Namayingo, alisema anadaiwa tano. Picha zinasema nne. Nimempigia kumwambia, akanigombeza, "Usinifundishe deni langu," akatuma ya tano.

#19 FundiWaLuwum

Eh! Shangazi, hii nitawasimulia vijana wa mezani kwangu.

Tarehe imekaa ndani ya picha yenyewe, ndiyo maana imehama nayo. Ila usizihamishe picha hizo kwa kutumiana WhatsApp, huko tarehe ya ndani inafutwa, inabaki ile ya kwenye jina la faili, nayo ni ya siku uliyotuma. Na fungua akaunti yako mwenyewe leo, kwa namba yako, andika namba ya siri kwenye karatasi uifungie na vitambulisho. Google inakupa nafasi ya GB 15 bure, lakini WhatsApp nayo siku hizi inajihesabu humo humo, kwa hiyo futa maua kwanza.

#20 DagaaMajanji

Maua yameondoka. Elfu mbili na mia tatu. Nimebakiza moja la mchungaji, asije akaniuliza.

Daftari sasa ni la karatasi, kurasa tisini na sita, binti ameliandika jalada. Kila Jumapili nalipiga picha.

#21 NubiWaBombo

Hongera mwanangu. Na vidole?

#22 DagaaMajanji

Shangazi, nimesajili kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hicho hakishiki dagaa. Inanifungulia hata niko katikati ya kazi, ila nashika simu kama mtu anayekunywa chai ya Wazungu.

#23 Mteja_Kimya (ujumbe wa kwanza)

Habari za humu. Mama, ni mimi. Nimesoma uzi wote. Hizo gunia mbili za Februari unazosema nadaiwa, dagaa zake zilianikwa chini, zilikuwa na mchanga nusu. Ndiyo maana sikulipa.

#24 Kadogo256

NILISEMA. Ukurasa wa kwanza, ujumbe wa pili. Nilisema 😂😂😂

#25 DagaaMajanji

Mteja_Kimya, karibu jukwaani. Picha ya Februari ninayo, gunia zako zote mbili zimesimama ukutani. Ule mchanga uliutupa au unao? Kama unao, uje nao tuupime kwenye mizani. Niko stendi mpaka saa kumi na moja.